Meza ya Bwana isiwe na ngazi

Katika nyumba nyingi za Kusini mwa Tanzania, sufuria haikombwi kabla mama hajauliza: nani hajala? Aliyeko shamba ametengewa ugali wake na kufunikiwa bakuli. Bibi asiyeweza kutoka chumbani amepelekewa wa kwanza, na mboga yake imelainishwa kwa sababu meno hayapo. Mgonjwa kakorogewa uji. Mtoto aliyetumwa dukani akirudi anakuta fungu lake. Hakuna anayeita jambo hilo huruma, maana ni adabu ya nyumba. Nyumba ambayo watu hula wakashiba huku mmoja wao yuko nje na njaa, majirani huisema.

Adabu hiyo ndiyo ninayoitafuta makanisani katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa kila inapofika saa ya Komunyo.

Itazame Jumapili ya kigango kilicho mbali na parokia. Padre amefika kwa pikipiki, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Watu wamekuja kwa wingi, maana hajaonekana kwa wiki kadhaa. Kwaya imeimba na mahubiri yamekwisha. Sasa mstari unasogea mbele, na watu wanne hawamo.

Bibi mwenye magoti mabovu amebaki chini ya mwembe. Mlango wa kanisa una ngazi tatu za saruji na hauna pa kushikia. Mzee ambaye vidole vyake viliharibiwa na ukoma miaka mingi iliyopita amekaa benchi la mwisho. Alipona zamani, lakini hataki watu waione mikono yake ikinyooshwa. Kijana aliyeacha pombe, na pombe yenyewe ni uraka wa mabibo unaofurika kila msimu wa korosho, anaogopa hata harufu ya divai. Na mama mmoja ameketi na binti yake wa miaka 14 asiyesema. Aliambiwa kwamba mtoto huyo hawezi kupokea kwa sababu haelewi.

Hawa wanne sikuwatoa katika daftari la parokia yoyote. Ni sura ambazo kila aliyesali vijijini amekwisha kuziona, awe Mkatoliki, Mwanglikana, Mlutheri au Mpentekoste. Majina ya karamu yenyewe yanatofautiana: Ekaristi, Komunyo Takatifu, Chakula cha Bwana, Meza ya Bwana. Swali ni moja kwa wote: nani hajala?

Vizingiti vilivyokwisha kung'olewa

Kabla ya kukata tamaa tukumbuke kwamba vizingiti vikubwa kuliko ngazi tatu vimewahi kung'olewa mahali hapahapa.

Cha kwanza kilikuwa lugha. Nachingwea ilifanywa jimbo la Kanisa Katoliki mwezi Oktoba 1963, likimegwa kutoka eneo la abasia ya Wabenediktini wa Ndanda. Askofu wake wa kwanza alikuwa Cotey wa Shirika la Wasalvatoriani, na aliyemfuata ni Polycarp Pengo, ambaye baadaye alikuja kuwa Kardinali wa Dar es Salaam. Mwaka 1986 jimbo hilo likachukua jina la Lindi. Wiki chache tu baada ya jimbo kuzaliwa, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia iliyofungua njia ya kuadhimisha Misa kwa lugha za watu. Mkulima wa Mnero au Mnacho, aliyekuwa akisikiliza Kilatini tangu ubatizo wake, akaanza kuyaelewa maneno yanayosemwa juu ya mkate. Waanglikana walikuwa wametangulia katika hilo. Askofu Edward Steere, aliyewapeleka Masasi watumwa walioachwa huru mwaka 1876, ndiye huyohuyo mtaalamu mkubwa wa Kiswahili wa zama zake.

Kizingiti cha pili kilikuwa njaa na kiu. Hadi mwaka 1953, Mkatoliki aliyetaka kupokea alipaswa kufunga tangu usiku wa manane, hata maji asinywe. Mfikirie mama mjamzito au mzee anayetembea saa tatu kwenye jua la Oktoba kufuata Misa, kisha anamngoja padre ambaye gari lake limekwama mtoni. Mwaka huo Papa Pius XII alitamka kwamba maji hayavunji mfungo. Mwaka 1957 akaupunguza mfungo wa chakula hadi saa tatu. Mwaka 1964 Papa Paulo VI akaushusha hadi saa moja kabla ya kupokea. Leo kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa inasema wazi kwamba maji na dawa havihesabiwi, na kwamba wazee, wagonjwa na wanaowauguza wanaweza kupokea hata kama wamekula ndani ya saa hiyo.

Kanuni hiyo ingestahili kubandikwa mlangoni mwa kila kigango. Wapo watu wanaomeza dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa saa maalumu, na wapo wenye kisukari ambao wakikaa bila kula huanguka. Asiyejua kanuni huchagua kati ya dawa na Komunyo, na akichagua vibaya anaumia mwilini. Kanisa halijamtaka achague.

Kizingiti cha tatu kilikuwa umbali, na hicho hakijaisha. Mapadre ni wachache, vigango ni vingi, na masika ikipiga barabara nyingi za ndani huwa tope. Jumapili nyingi katekista ndiye anayeongoza Ibada bila padre. Hata hivyo dawa yake ipo. Mwaka 1973 Papa Paulo VI aliruhusu walei waliofundishwa na kuteuliwa wasaidie kugawa Komunyo na kuwapelekea wagonjwa. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji wao. Hapo ndipo panapojulikana nani amelazwa, nani amevunjika nyonga, nani hajaonekana tangu Pasaka. Parokia haiwezi kumjua kila mgonjwa, lakini jumuiya ya nyumba kumi na tano inaweza.

Wala jambo hili si uzushi wa leo. Katikati ya karne ya 2, Yustino Shahidi alieleza jinsi Wakristo wa siku zake walivyokusanyika Jumapili. Baada ya wote waliohudhuria kula, mashemasi waliwapelekea sehemu yao wale wasiokuwepo. Kumtengea asiyekuwepo ni sehemu ya ibada tangu mwanzo.

Mikono iliyoharibiwa na ukoma

Hakuna ugonjwa uliowatenga watu na meza kuliko ukoma, na Kusini inaufahamu vizuri. Karibu na Ndanda, pale Mwena, watawa Wabenediktini waliwatunza wagonjwa wa ukoma kwa miongo mingi. Daktari mtawa Thekla Stinnesbeck ni mmoja wa waliojenga huduma ya afya ya eneo hilo. Upande wa Waanglikana yupo Padre Robin Lamburn. Baada ya kutumikia miaka mingi dayosisi ya Masasi alihamia Kindwitwi, Rufiji, akaishi na watu wenye ukoma hadi alipofariki mwaka 1993. Kabla yao wote, kule Molokai katika visiwa vya Hawaii, Padre Damien aliishi na waliotengwa tangu 1873, akapata ukoma mwenyewe, akafa nao mwaka 1889. Mwaka 2009 akatangazwa mtakatifu.

Watu hao waliyafanya waliyoyafanya kabla ya tiba ya uhakika. Sisi tunayo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mchanganyiko wa dawa unaomezwa kwa miezi 6 au 12, na dawa hizo hutolewa bure. Mgonjwa akishaanza dozi haichukui muda mrefu kabla hajaacha kuambukiza wengine. Tanzania ilifikia lengo la kitaifa la kupunguza ukoma mwaka 2006, yaani chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000, lakini ugonjwa haujatuaga. Wilaya ya Liwale, jirani yetu kabisa, na ya Nanyumbu upande wa Mtwara zilikuwa miongoni mwa zilizochaguliwa kujaribu kinga mpya: waliokaa karibu na mgonjwa hupewa dozi moja ya rifampisini ili wasiugue.

Kwa hiyo mzee wa benchi la mwisho hana anachoweza kumwambukiza jirani yake. Vidole vilivyopotea ni kovu la vita alivyokwisha kuvishinda. Bakteria hayupo tena. Lililobaki ni jicho la watu. Jicho hilo halitibiwi kwa vidonge. Linatibiwa na padre, mchungaji au mhudumu anayeshuka kutoka altareni, akapita katikati ya mabenchi, akamfikia mzee pale alipo, akampa Komunyo ulimini kama mikono haiwezi kuipokea, akamtaja kwa jina lake mbele ya wote. Mkutano ukimwona kiongozi wao akifanya hivyo mara tatu, mara ya nne watoto hawatanong'onezana.

Kikombe, mate na woga

Woga wa magonjwa mezani si wa kudharauliwa. Tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, milango ya makanisa mengi ilipata ndoo za maji tiririka. Maji ya baraka yakaondolewa mlangoni, na watu wakatakiana amani kwa kuinamisha kichwa badala ya kushikana mikono. Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alisimamisha Misa za hadhara jimboni kwake kwa muda. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa waraka wa kuwataka waamini wachukue tahadhari. Kisha hofu ikapungua, ndoo zikakauka, na nyingine zikarudi jikoni.

Ndoo zile zilipaswa kubaki, kwa sababu kipindupindu na homa za matumbo vilikuwepo kabla ya korona na havijaondoka. Tujue vizuri hatari iko wapi, tusije tukalinda dirisha na kuacha mlango wazi.

Katika makanisa yanayotumia kikombe kimoja watu wengi huogopa mate. Hata hivyo mwaka 1998 wataalamu wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, waliandika kwamba hakuna mlipuko wowote wa maradhi uliowahi kuthibitishwa kutokana na kikombe cha Komunyo. Hiyo haina maana kwamba hatari ni sifuri. Aliye na mafua, kidonda mdomoni au kikohozi asinywe, na mhudumu afute ukingo kwa kitambaa safi na kukizungusha kikombe kila baada ya mtu. Wengi hudhani kuchovya mkate katika divai ni salama zaidi. Mara nyingi sivyo, kwa kuwa vidole vya watu wengi vinavyogusa divai huweza kuwa vichafu kuliko midomo. Kifua kikuu, ambacho ndicho tunachopaswa kukiogopa kwenye umati, hakisafiri kwa kikombe bali kwa hewa. Dawa yake kanisani haigharimu hata shilingi: fungua madirisha yote.

Mikono ndiyo njia kuu. Mara nyingi mhudumu aliyeshika noti na sarafu za sadaka ndiye dakika chache baadaye anayeshika hostia. Sabuni na kibuyu chirizi pembeni ya sakristia vinatosha kulimaliza jambo hilo. Makanisa yanayotumia vikombe vidogo, utaratibu ulioanza Marekani mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu ya hofu hiihii ya magonjwa, nayo yana kazi yake. Kikombe kidogo kisichooshwa kwa maji ya moto na sabuni ni kikombe cha pamoja kilichojificha.

Na yule anayeogopa, asidhihakiwe kwamba hana imani. Mapokeo ya Wakatoliki na ya Waanglikana yote yanafundisha kwamba anayepokea umbo moja, mkate peke yake au divai peke yake, amempokea Kristo mzima. Uingereza iliweka sheria mwaka 1547 ya kuwapa watu mkate na kikombe, lakini ikaacha nafasi kwa dharura, na nafasi hiyo ilikumbukwa tena wakati wa korona. Anayekipita kikombe hajapungukiwa na kitu.

Divai kwa aliyeacha pombe, ngano kwa asiyeiweza

Turudi kwa kijana wa uraka. Msimu wa korosho unapoanza, mabibo huwa bure na harufu ya uraka hutanda kijiji kizima. Aliyeweza kuupita msimu mmoja bila kuonja amepigana vita ambavyo wengi hatuvijui. Kwake, funda moja la divai linaweza kuwa funda la kwanza la kurudi alikotoka.

Makanisa yamepata majibu tofauti. Mwaka 1869 huko Vineland, New Jersey, Thomas Bramwell Welch, Mmethodisti aliyekuwa daktari wa meno, alichemsha juisi ya zabibu isichachuke ili itumike mezani pa Bwana. Makanisa mengi ya Kiprotestanti na ya Kipentekoste yanaifuata njia hiyo hadi leo. Maaskofu wa Anglikana waliokutana Lambeth mwaka 1888 waliikataa juisi isiyochachuka, na Mwanglikana mwenye shida hiyo hupokea mkate peke yake. Katika Kanisa Katoliki, barua iliyotolewa Vatikano tarehe 24 Julai 2003 iliruhusu padre au mwamini mwenye shida ya pombe, kwa idhini ya askofu wake, atumie maji ya zabibu yaliyoanza tu kuchachuka.

Barua hiyohiyo iligusa ngano. Wapo watu, watoto kwa wakubwa, ambao gluteni ya ngano huwaharibu utumbo. Huhara, hukonda na kuishiwa damu, na ugonjwa huo wa seliaki huenda usitambulike maishani. Kanisa Katoliki halikubali hostia isiyo na gluteni kabisa, kwa sababu mkate lazima uwe wa ngano, na waraka wa mwaka 2017 ulilirudia hilo. Linakubali hostia yenye gluteni kidogo sana. Masista Wabenediktini wa Clyde, Missouri, walifanya majaribio kwa miaka mingi hadi wakapata hostia yenye gluteni ya asilimia 0.01, na ikakubaliwa. Asiyeweza hata hiyo anaruhusiwa kupokea divai peke yake, kwa kikombe chake ambacho hakijadondoshewa mkate.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mbali kwa watu wa muhogo na mtama. Nami nasema kijiji chenye mmoja tu wa namna hiyo kina jukumu kwake. Mchungaji aliyewaacha tisini na tisa nyikani hakufanya hesabu ya wingi.

Jambo moja linapita yote haya. Kiongozi atangaze kila Jumapili, kwa sentensi mbili na bila kumtaja mtu, kwamba asiyeweza divai apokee mkate, asiyeweza mkate aje amwone kabla ya ibada, na asiyeweza kutembea ainue mkono atafuatwa. Tangazo hilo linamwondolea mtu mzigo wa kujieleza. Wengi hawakosi Komunyo kwa sababu wamekatazwa. Wanaikosa kwa sababu wanaona aibu kuomba.

Mtoto asiyesema, kiziwi, kipofu

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba takribani asilimia 11 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Ukihesabu watu 100 wakiwa kwenye mabenchi na hukuwaona 11 hao, usidhani kijiji chako hakina. Wako nyumbani.

Kwa yule binti wa miaka 14, jibu lilikwisha kutolewa zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka 1910 Papa Pius X alifundisha kwamba mtoto, kwa kadiri ya uwezo wake, anahitaji kuutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Hakudai akariri katekisimu nzima. Mwongozo wa Katekesi uliotolewa na Vatikano mwaka 2020 unasema waziwazi kwamba hakuna anayeweza kuwanyima watu wenye ulemavu sakramenti. Binti anayenyamaza ghafla kengele inapolia, anayetazama hostia ikiinuliwa, anayenyoosha mkono mama yake anaponyoosha, ametofautisha. Baadhi yetu tunaosema sana hatutazami hivyo.

Kwa viziwi, Kanisa Katoliki lilianzisha Shule ya Viziwi Tabora mwaka 1963, mwaka uleule jimbo la Nachingwea lilipozaliwa. Matunda ya kazi ya namna hiyo yanaweza kwenda mbali. Padre Paul Zirimenya, kiziwi aliyezaliwa Uganda, amekuwa mchungaji wa parokia ya viziwi mjini San Francisco, akiadhimisha Misa kwa lugha ya alama. Hatuwezi kupata padre kama yeye kesho. Tunaweza kumpeleka kijana mmoja akajifunze Lugha ya Alama ya Tanzania, akasimama mbele kwenye mwanga mahali viziwi wanapoweza kumwona. Kipofu naye anahitaji kidogo tu. Mhudumu atamke jina lake, amwambie yuko mbele yake, na aiweke hostia kiganjani bila kuitupa.

Yupo pia mwenye ualbino. Katika Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo maandamano hupita juani kwa saa nzima, na ngozi yake inaungua wakati wengine wanaimba. Kuanza asubuhi mapema, kumpa mwavuli na kuweka vituo vya altare kivulini ni sehemu ya heshima kwa Ekaristi hiyohiyo inayobebwa.

Kazi ya Jumamosi moja

Tuzihesabu zile ngazi tatu. Kila moja ikiwa na kimo cha sentimita 15, zote ni sentimita 45. Njia ya mteremko inayofaa kiti cha magurudumu huenda mbele sentimita 12 kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Kwa hiyo inatakiwa njia ya mita 5.4, yenye upana wa kutosha na bomba la kushikia. Ni mifuko michache ya saruji, mchanga, kokoto na fundi mmoja. Minada ya korosho ya RUNALI, ushirika unaobeba majina ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ikishawalipa wakulima, harambee ya jumuiya mbili inamaliza kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike, lakini isiwe sheria ndiyo iliyotufundisha adabu ya nyumbani.

Kabla ya saruji kukauka, yapo ya kufanya Jumapili ijayo. Benchi moja karibu na mlango liwe la wasioweza kutembea, na Komunyo iwafuate. Asilazimishwe mtu kupiga magoti. Mwenye kiharusi au mzee anayepaliwa apewe kipande kidogo, na kijiko cha maji baada yake. Wanaopeleka Komunyo nyumbani waende wawili wawili, kwa saa inayojulikana, na mtu wa familia awepo, ili mgonjwa awe salama na mhudumu naye awe salama.

Biblia ina habari ya mtu aliyeitwa Mefiboshethi, mjukuu wa Mfalme Sauli. Akiwa na miaka 5 yaya wake alimwangusha wakikimbia vita, akalemaa miguu yote miwili. Baadaye aliishi Lo-debari, mbali na mji wa mfalme. Daudi hakungoja aje. Aliuliza kama yupo aliyesalia, akaambiwa, akatuma watu wamlete, na tangu siku hiyo Mefiboshethi akala mezani pa mfalme kama mmoja wa wanawe. Mwandishi anafunga habari hiyo kwa kutukumbusha kwamba alikuwa kilema miguu yote miwili. Hakuponywa kwanza ndipo aketishwe. Aliketishwa alivyo, kwa sababu mfalme aliuliza swali na kutuma watu.

Nachingwea na Ruangwa tunaishi katika mkoa wenye Waislamu wengi, na koo zetu zimechanganyika. Idi ya mjomba ni yetu, Krismasi yetu ni yake. Mhudumu wa Komunyo akikaribia nyumba ya bibi asiyeweza kutoka, mara nyingi anayemfungulia ni mjukuu Mwislamu. Mjukuu huyo hahitaji semina ya kumweleza afanye nini. Anafagia chumba, anatandika mkeka, anaweka kitambaa cheupe juu ya kigoda, anamwinua bibi na kumwegemeza ukutani, kisha anatoka na kusimama kimya uani mpaka sala iishe. Anajua tu kwamba bibi ameletewa chakula chake.